Nani Aliyewanong'oneza Vijana Wangu?

Wiki iliyopita kwenye safu hii mlinicheka mpaka wengine wakanitumia salamu. Leo kaeni mkao wa kunionea huruma. Kidogo tu. Ikizidi nitajua mnanitania.

Kwa wewe uliyechelewa: mimi ni dobi. Duka langu lina kaunta mbele, meza za pasi katikati na masinki nyuma. Umri wangu usiniulize, muulize aliyenizaa ukimpata. Nilikuwa nimeeleza jinsi vijana walivyokuwa wakinikimbia. Naajiri leo, kesho kutwa kaondoka, na aproni yangu kaondoka nayo. Kumbe nilikuwa nachagua wale wepesi wa kusema "ndiyo Bibi." Wepesi wa kusema ndiyo ndio waliokuwa wepesi wa kuondoka.

Nikabadili mtindo. Niliweka shati lenye doa juu ya kaunta, na kila aliyekuja kuomba kazi nikamwambia, "Haya, fanya unavyojua." Wengi walilivamia kwa sabuni kama linawadai. Binti mmoja mwembamba alikunja mikono akauliza, "Bibi, hili ni doa la nini, na lina muda gani?" Huyo nikamchukua palepale. Mvulana mmoja akauliza kama mwenye shati analipenda. Mwingine hakuuliza kitu, alilinusa. Nao nikawachukua.

Kwetu madobi kila nguo hutiwa alama ya uzi ndani ya ukosi, isije suruali ya mwalimu ikaenda kwa bwana harusi. Mimi nikaongeza langu. Kila kijana nikampa rangi yake ya uzi, aitie kwenye nguo aliyoishughulikia kwa mkono wake. Ikisifiwa, asifiwe yeye. Ikiungua, tumjue.

Haukupita muda, wateja wakaanza kusema "nataka uzi wa kijani" kama wanaagiza soda. Majina waliyopewa na wazazi wao yakasahaulika. Binti akawa Kijani, na wavulana wakawa Njano na Bluu.

Na kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua, tulikaa nyuma kwenye vibao nikawauliza swali moja. Sikuwauliza wanataka nini. Mtu ukimuuliza anataka nini, atakujibu la kukupendeza. Niliwauliza: kitu gani kitakufanya uondoke hapa?

"Kunyimwa magauni ya harusi," alisema Kijani. "Ukiniacha kwenye mashuka mwaka mzima, Bibi, utaniona kisogo."

"Kutojua natoka saa ngapi," alisema Njano. "Nina mazoezi ya mpira jioni. Kocha hanielewi, wewe hunielewi. Sasa nani atanielewa?"

Bluu alijikuna shingo, akasema kwa sauti ya chini, "Kugombezwa mbele ya mteja. Nigombeze huku nyuma. Huku nyuma hata unipige."

Niliyashika yote matatu. Kijani nikaanza kumfundisha magauni, lesi kwa lesi. Njano akawa anatoka jua likiwa bado lipo. Bluu akikosea, nilimshika mkono tukaenda kwenye masinki, na mara nyingine nilifika huko nimelisahau kosa lenyewe.

Hawakuondoka. Walikuja mapema. Walianza hata kugombania mashati magumu. Nikajiona nimepata dawa.

Sikuwa peke yangu na hao watatu siku za Jumatatu. Alikuwepo pia mdogo wangu, wa tumbo moja, aliyekaa kaunta tangu siku duka lilipofunguliwa. Yeye ndiye aliyetumiminia chai. Vijana walimwita Bibi Mdogo, naye alikuwa akinuna, maana bado anajiona shangazi.

Basi tuingie kwenye kidonda.

Msimu wa harusi ulikuwa umefika. Duka la kukodisha magauni lilikuwa limekubali kutuletea magauni yake yote, kuanzia Jumamosi. Mimi mikono yangu siku hizi inatetemeka, na mkono unaotetemeka na lesi havipatani. Bila wale vijana watatu ningefunga duka, tena kwa aibu. Hilo nililijua mimi, na mdogo wangu alilijua.

Alhamisi akaingia mwalimu wa shule ya jirani, mteja wangu wa siku nyingi.

"Shikamoo Bibi. Na hongera."

"Marahaba. Hongera ya nini, nimejifungua?"

"Ya tawi jipya. Lile karibu na kituo cha mafuta. Wanapaka rangi. Nimemuuliza fundi rangi, akaniambia uzi wa kijani unahamia huko."

Nilitabasamu. Mwanamke wa rika langu huwa na tabasamu la akiba. Nikampa mashati yake, nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi nyuma.

"Vijana," nikasema, "zimeni pasi."

Wakazima.

"Nani kati yenu anahama?"

Njano akamtazama Bluu. Bluu akatazama sakafu.

"Nimesema nani?"

"Hakuna, Bibi," alisema Njano. "Lakini tumeitwa. Kuna mwanamume anapiga simu. Mimi kaniambia huko kwao kila mtu anajua saa yake ya kutoka, na siku ya mechi natoka mapema zaidi."

"Mimi kaniambia kwao hakuna mtu wa kunigombeza mbele ya mteja," alisema Bluu. "Kalisema hivyohivyo, kama nilivyolisema mimi."

"Na wewe Kijani?"

"Magauni," alisema Kijani. "Yote niyashike mimi peke yangu."

"Na hamkuniambia?"

"Tulidhani ni wewe," alisema Njano.

"Mimi?"

"Tulidhani unatujaribu. Yule mtu anajua kila tulichokwambia humu ndani. Nani mwingine alikuwa anajua?"

Ndugu zangu wasomaji, nimewahi kuibiwa sabuni, nimewahi kuibiwa pasi ikiwa ya moto. Lakini sijawahi kuibiwa maneno. Wale watoto waliniamini wakanionyesha panapowauma, na mtu akaenda kupabonyeza palepale.

Siku nzima duka likawa na baridi. Njano alikuwa akimtazama Bluu kwa pembe ya jicho. Bluu akaacha kuazima wanga wa kukazia ukosi kwa Njano. Kijani alifanya kazi yake kwa kuinamisha kichwa. Mtu asipokuwa na imani na mwenzake hata mvuke wa pasi anaukwepa.

Jioni nikabaki kaunta na mdogo wangu, tunafunga vifurushi. Nikaona nimwondoe kwenye shaka, ili niwe na mtu mmoja wa kumlilia. Mnanielewa? Nilimtega ili nimsafishe. Sikumtega ili nimnase.

Nikasema kama ninayejisemea, "Huyu Njano naye. Kaninong'oneza kuwa asipowekewa redio pale kwenye meza yake, ataondoka."

"Redio?" alisema mdogo wangu. "Vijana hawa."

Basi. Akafunga kifurushi chake, akaniaga, akaenda zake.

Mtu yeyote wa kule kwenye meza za pasi anajua kuwa Njano na redio ni paka na maji. Akipiga pasi sketi ya marinda hataki hata mteja apige mluzi. Mdogo wangu hakulijua, kwa sababu meza za pasi ziko ndani na yeye yuko kaunta. Na mimi nilikuwa na uhakika sitasikia tena habari ya redio maishani mwangu.

Ijumaa asubuhi Njano akaingia anacheka.

"Bibi, yule jamaa kapiga tena. Ameongeza vishawishi. Ati nikienda kwao nitawekewa redio kubwa pembeni ya meza. Nani kamwambia mimi nataka redio? Mimi ikiwashwa tu, marinda yanapinda."

Bluu akacheka. Kijani akacheka.

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa amesimama na birika mkononi. Yeye hakucheka.

"Mdogo wangu," nikasema, "hebu njoo nyuma kidogo."

"Sema hapahapa, dada. Nyuma ni kwa Bluu."

"Habari ya redio nilikuambia wewe peke yako."

"Najua."

"Najua ndiyo jibu?"

"Ulitaka nikatae mbele ya watoto?" Akaweka birika chini, taratibu. "Chumba cha pale kituo cha mafuta ni cha marehemu mume wangu. Yule fundi viatu aliyekuwa amepanga kahama. Anayepiga simu ni mpangaji wangu wa uani, ana sauti nzuri. Umebaki na swali jingine?"

"Nimekukosea nini?"

"Kila Jumatatu namimina chai. Unamuuliza huyu kitakachomfukuza. Unamuuliza huyu. Unamuuliza na yule. Ukimaliza unaninyooshea kikombe nikuongezee. Mimi hujaniuliza, dada. Ulidhani mimi nimetiwa wanga nikaganda kwenye hiyo kaunta."

"Wewe ni ndugu yangu. Ndugu naye anaulizwa?"

"Ndiyo maana nimekujibu bila kuulizwa."

Njano akatoa sauti kama ya kukohoa. Nikamkazia jicho.

Mdogo wangu akavua aproni. Akaikunja, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, maana dobi hata akikuchoma kisu atakifuta kwanza. Akaiweka kaunta, akatoka.

Huyo nilimbeba mgongoni mama akienda sokoni. Gauni lake la kwanza la kwenda kanisani lilikatwa kwenye langu, na mimi nikaenda na la zamani. Alipofiwa na mumewe alilala kitandani kwangu, mimi nikalala kwenye mkeka, mpaka siku aliponiambia mkoromo wangu unapita ukutani. Kama angetaka duka, angesema nataka duka. Ningemgombeza, ningemnunia, halafu ningempa pasi mbili za kuanzia. Yeye akachukua vidonda vya watoto wa watu akaenda kuvitembeza.

Mnataka niseme nililiona kosa langu? Sikuliona. Mpaka naandika haya silioni vizuri, na miwani nimevaa.

Nikarudi ndani. Vijana walikuwa wamejikusanya kwenye masinki wananong'ona, bomba wamelifungua ili nisisikie. Mimi ndiye niliyewafundisha ujanja huo. Nikasubiri.

Kijani akaja mbele, wenzake nyuma yake.

"Bibi, tumeamua. Tunabaki."

Nilitafuta kiti kwa mkono, nikakaa. "Mungu awabariki."

"Lakini kuna jambo."

"Semeni. Aproni mpya? Dirisha lifunguliwe? Semeni tu."

"Umrudishe Bibi Mdogo."

Nikadhani masikio yamepata maji. "Nimrudishe nani?"

"Bibi Mdogo."

"Yule aliyewauza?"

"Amefanya vibaya," alisema Njano. "Hatumtetei. Amenichafulia hata jina, watu watadhani napenda redio."

"Sasa?"

Wakatazamana. Aliyejibu ni Bluu, yule ambaye kumtoa neno ni kama kutoa kutu kwenye hariri.

"Amekaa na wewe tangu mwanzo, Bibi. Na hukujua kitakachomfukuza. Sisi leo tu wageni, unatuuliza. Tukishazoeleka kama yeye, nani atatuuliza?"

Nilifungua mdomo kumgombeza. Nikakumbuka kuwa hakuna mteja, ningeweza kumgombeza nipendavyo. Badala yake nikaenda kufunga bomba.

"Na iwe leo," alisema Kijani. "Kesho magauni yanakuja. Asiporudi, kwake hatuendi. Lakini na hapa hatubaki."

Nikauliza, "Hilo nalo mmeliamua wote?"

"Wote," alisema Kijani.

Nikavaa viatu vya kutokea.

Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nikipita kwa fundi baiskeli nilikuwa nimetunga ya ukali. Nikivuka mtaro nikayafanya ya upole. Nilipolifikia lile duka, harufu ya rangi mbichi ikanitoa yote kichwani.

Lilikuwa zuri. Niseme kweli, lilinichoma kwa uzuri wake. Sinki mpya, henga mpya zimening'inizwa, meza tatu za pasi zimepangwa kwa kutazama dirisha. Meza tatu, na hakuna hata mtu mmoja wa kuzisimamia.

Mdogo wangu alikuwa anafuta kaunta.

"Umekuja kunilaani?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

"Dada, wewe hujawahi kujituma kuja kwangu hata nikiwa na homa. Nani kakutuma?"

Nikaona niache kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Vijana. Wamesema urudi, la sivyo wanaondoka wote watatu. Kesho magauni yanaingia. Unaijua mikono yangu."

Kitambaa kikasimama juu ya kaunta.

"Vijana wote? Au kuna mmoja aliyesema?"

"Kijani ndiye msemaji wao."

Mdogo wangu akakaa juu ya debe la rangi. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa kilekile cha kaunta, akabaki na alama ya rangi shavuni.

"Unacheka nini?"

"Dada, unadhani duka hili nililifikiria mimi? Mimi nilikuwa na chumba kitupu na donge kifuani, basi. Mambo hayo mtu anaweza kuzeeka nayo. Nani alinifuata pale kaunta, siku chache tu baada ya kupewa magauni, akaniambia, Bibi Mdogo, kile chumba chako kina maji na dirisha kubwa? Nani aliniambia wenzake waitwe kwa simu, na sauti iwe ya mwanamume, wasijue?"

"Muongo wewe."

"Haya."

"Unataka kunigombanisha naye kwa sababu nampenda."

"Unampenda sana, dada. Ndilo lililomrahisishia kazi."

"Kama yeye ndiye aliyelianzisha, mbona ananituma nikurudishe?"

"Tumegombana juzi. Alitaka hapa yeye ndiye aseme, mimi nikae kaunta. Nikamwambia kaunta nimeshaikaa ya kutosha. Sasa kaona bora duka hili life, mimi nirudi kwenye chai yangu, na yeye abaki mjukuu mwema aliyewapatanisha mabibi."

Nilimtazama usoni. Mdogo wangu akidanganya pua humtoka jasho, tangu utotoni. Nikaikagua ile pua. Lakini chumba kilikuwa na joto, na hata yangu ilikuwa imelowa.

"Nitarudi," akasema. "Nitarudi leo, sasa hivi, na hizo meza nitakuja nazo. Sitaki uniombe radhi, maana najua huwezi. Ila huyo Kijani aondoke kwanza."

"Akiondoka, nani atashika magauni kesho?"

"Ndiyo, dada. Nani?"

Mmoja wao alikuwa ananidanganya. Mmoja nimemlea, mwingine nimemfundisha kuvuta lesi bila kuikwaruza, na kila mmoja alinipa sharti linalomuondoa mwenzake. Na wale wavulana wawili wangemfuata Kijani, hilo sikuhitaji kuambiwa.

Mara chumba kikapungua mwanga. Mtu alikuwa amesimama mlangoni.

"Bibi," alisema Kijani, anahema, "wameyaleta leo. Gari zima. Wanashusha magauni sasa hivi, na mwenye magauni anataka akuone wewe mwenyewe."

Hakuingia. Alibaki kwenye kizingiti, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango ambayo rangi yake haijakauka.

"Mjukuu wangu," nikasema, "nitakuuliza jambo moja, na nitaamini utakalonijibu. Duka hili, wazo lilikuwa la nani?"

Kabla ya kunijibu mimi, akamtazama mdogo wangu.